Jilaal ya Theluji: Familia ya Garissa Katika Baridi ya Minnesota

Kila Muislamu aliyewahi kusimama nyuma ya jeneza anaijua ile dua ya maiti ambayo ndani yake tunamuomba Mwenyezi Mungu amsafishe marehemu wetu kwa vitu vitatu: maji, theluji na mvua ya mawe. Watoto wa vyuo vyetu huihifadhi dua hiyo kabla hawajatimiza miaka kumi. Ukimuuliza mtoto wa Garissa hiyo thalji ni kitu gani, atakujibu bila kusita kuwa ni ile barafu inayouzwa dukani wakati wa kufuturu. Wala hatumlaumu. Mji wa Garissa uko karibu kabisa na mstari wa Ikweta, mita kama 150 tu juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Machi joto la mchana hupita nyuzi 35 bila ya mtu kushangaa. Hata lugha yetu inasimulia umbali huo. Neno theluji tumelipokea kutoka kwa Waarabu, na neno barafu kutoka kwa Waajemi, ambao kwao maana yake ya asili ni hiyo theluji inayoanguka kutoka mbinguni. Wazee wetu wa pwani walipewa majina mawili ya kitu ambacho wengi wao hawakukiona maishani, na Wasomali nao husema baraf kwa yote mawili.

Yuko atakayetukumbusha habari ya Nyahururu. Mwezi wa Septemba 2008, katika kijiji cha Busara, watu waliamka wakakuta ardhi imefunikwa weupe, na wengi wakaamini kuwa theluji imeshuka Kenya. Ilikuwa ni mvua ya mawe iliyorundikana, yaani barad, si thalji. Wanazuoni waliosherehesha dua ile wametofautisha baina ya viwili hivyo, na wakaeleza kuwa vimetajwa pamoja na maji kwa kuwa ni vitu safi visivyoguswa na mkono wa mtu, na kwa kuwa ubaridi wao ni kinyume cha moto.

Lakini leo wapo watu wa Garissa wasiohitaji kuelezwa. Tangu kambi za Dadaab zilipofunguliwa mwaka 1991, Ifo kwanza, kisha Hagadera na Dagahaley, maelfu ya familia zimepata kuhamishiwa nchi za mbali, na katika miji ya Marekani hakuna uliowavuta kama Minneapolis, jimboni Minnesota. Watu huuliza kwa nini watu wa jangwani wakachagua baridi kali namna ile. Jawabu ni jepesi: hawakuchagua baridi, walichagua kazi. Miaka ya tisini viwanda vya nyama vya Marshall, Willmar na Faribault, vinavyochinja bata mzinga na mifugo mingine, vilikuwa vikitafuta wafanyakazi wasioulizwa Kiingereza kingi. Aliyetangulia akamwita nduguye, nduguye akamwita shemejiye, na leo ukisimama katika mtaa wa Cedar-Riverside, chini ya yale majumba marefu ya mwaka 1973, utasikia Kisomali kwanza, na Kiswahili cha Garissa na cha Eastleigh hutakikosa.

Mwezi wa Agosti uliopita tulimzuru mama mmoja katika mtaa wa Bula Iftin, mjini Garissa, aliyekuja kuwatazama wajukuu zake wa huku. Wajukuu wote, wa huku na wa kule, humwita Ayeyo, yaani bibi, nasi tutamwita hivyohivyo. Binti yake aliolewa na kijana aliyekulia Ifo na kuhamia Minneapolis mwaka 2006. Alipopata uraia, binti akamwombea mama yake ruhusa ya kwenda kukaa naye, na Ayeyo akawasili Julai 2022, joto likiwa kali, miti imejaa majani, watoto wakicheza nje hadi saa tatu usiku kwa mwanga wa jua. Akasema, nchi hii nzuri, watu waliitia chumvi.

Hakujua kwamba msimu uliokuwa ukimsubiri ungeingia katika kumbukumbu. Baridi ya mwaka 2022 kuingia 2023 ilikuwa ya tatu kwa wingi wa theluji tangu watu wa mji huo waanze kupima: inchi 90.3, yaani karibu mita 2.3 kwa msimu mzima. Iweke juu ya mwanamume mrefu, atafunikwa na kofia yake.

Kilichomvunja moyo kwanza hakikuwa theluji. Kilikuwa giza. Sisi tuliozaliwa huku tunahesabu saa kwa jua, na jua letu ni mwaminifu: linatoka saa kumi na mbili na ushei, linatua saa kumi na mbili na ushei, mwaka mzima. Mwisho wa Desemba kule Minneapolis jua hutoka saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi. Adhuhuri huingia baada ya saa sita kidogo, Alasiri kwenye saa nane, na kabla msomaji hajamaliza kikombe chake cha chai, Magharibi imeshaadhiniwa saa kumi na nusu. Ishaa ni kiasi cha saa kumi na mbili. Swala tatu zimo ndani ya saa nne na nusu. "Sheikh," Ayeyo alituambia, "siku ya kwanza nilipoona giza saa kumi na nusu, niliwauliza wanangu nani amelikata jua. Wakacheka. Mimi sikucheka."

Hata hivyo ni katika giza hilo alipopata faida yake ya kwanza. Alikuwa na deni la siku za funga, siku kumi na tisa alizokula akiwa mgonjwa Ramadhani mbili kabla ya safari. Mchana wa saa tisa kasoro, na kutoka Alfajiri hadi Magharibi saa kumi na moja tu au chini yake, bila ya kiu. Wanazuoni tangu zamani wameuita msimu wa baridi ngawira isiyopiganiwa, kwa kuwa mchana ni mfupi wa kufunga na usiku ni mrefu wa kusimama. Ayeyo alilipa deni lote kabla Januari haijesha, na akasema hakuna funga nyepesi kama ile, isipokuwa kwamba mtu hufuturu wakati ambao huku watu hata hawajatoka kazini.

Masuala ya kifiqhi yakafuata, na sehemu yake yalitufikia sisi kwa sauti za simu, mara nyingine saa nane za usiku, maana wao husahau kuwa tumetangulia kwa saa tisa. Tutayaeleza machache kwa kuwa familia nyingi za pwani zina watoto Ulaya na Marekani, na masuala ni yaleyale.

La kwanza ni la miguu. Kuvua soksi na viatu mara tano kwa siku katika choo cha kiwanda, kisha kutoka nje miguu ikiwa na unyevu katika baridi ya nyuzi ishirini chini ya sifuri, ni taabu ya kweli. Sheria imelitatua jambo hili zamani kwa ruhusa ya kupaka maji juu ya khuffu: mkazi mchana mmoja na usiku wake, msafiri michana mitatu na nyusiku zake. Katika madhehebu yetu ya Shafi muda huanza kuhesabiwa pale udhu unapotenguka baada ya kuvaa, na sharti ni kuwa umevaa ukiwa na twahara kamili, na khuffu liwe linafunika vifundo vya miguu, gumu la kutembelewa, lisilopitisha maji kwa wepesi. Mabuti ya ngozi ya theluji yanatimiza sharti hilo bila mjadala. Soksi nyepesi za pamba hazitimizi kwetu, ingawa wenzetu wa madhehebu ya Hanbali wameruhusu soksi nzito. Binti yake Ayeyo, anayefanya kazi ya kuhudumia wazee usiku, tangu apate maelezo haya huvaa mabuti yake nyumbani akiwa na udhu, na kazini hupaka maji juu yake. Anasema mkuu wake wa kazi, aliyekuwa akilalamikia sakafu iliyolowa, sasa halalamiki tena.

La pili ni kukusanya swala. Imamu Nawawi na wengine wameeleza kuwa theluji na mvua ya mawe hukumu yao ni kama ya mvua ikiwa zinayeyuka na kulowesha nguo, kwa hiyo waliohudhuria jamaa msikitini, njia ikawa ya dhiki, wanaweza kutanguliza Ishaa wakaiswali pamoja na Magharibi. Lakini Ayeyo alikuwa akikusanya Adhuhuri na Alasiri chumbani mwake, mbele ya dirisha, kwa sababu tu baridi alikuwa akiiona. Tulimwambia kwa adabu kwamba ruhusa ni ya anayetaabika njiani, si ya anayeitazama taabu akiwa amejifunika blanketi. Kwa upande wa pili, aliye na dhiki ya kutoka ana ruhusa ya kuswali nyumbani na asijione mpungufu: imepokewa kuwa katika usiku wa baridi na mvua Mtume, rehma na amani zimshukie, alikuwa akimwamrisha mwadhini awatangazie watu waswali majumbani mwao.

La tatu ni tayamamu. Kisa cha Amri bin Al-Aas katika msafara wa Dhatu Salasil, mwaka wa 8 Hijria, kinajulikana: alipatwa na janaba usiku wa baridi kali, akaogopa kuangamia akioga, akatayamamu, akawaswalisha wenzake. Khabari ilipomfikia Mtume alicheka na hakumkemea. Vijana wa kule hukitaja kisa hiki kwa wepesi sana. Sisi tunawauliza swali moja: Amri alikuwa na bomba la maji ya moto bafuni?

Sasa tuiache fiqhi, twende nje.

Wajukuu wa Ayeyo wa kule ni wanne, na kwao theluji si msiba hata kidogo. Theluji ya kwanza iliyoshika ardhi mwezi wa Novemba, walimtoa bibi yao mlangoni akiwa amevaa dirac, jilbabu, na koti la binti yake juu. (Kuna mjadala mrefu wa kina mama wa Minneapolis kama koti livaliwe juu ya jilbabu au chini yake. Walio na jilbabu pana huvaa koti chini, na huonekana wamenenepa maradufu.) Ayeyo aliinama, akaigusa, akaionja. Watoto wakamletea bakuli la theluji safi ya juu, wakamimina Vimto, wakala kama watoto wetu wanavyokula barafu za rangi uwanjani. Alituambia kuwa haina ladha, ila ina sauti: ukiikanyaga inalia kama mchanga mkavu wa laga.

Kisha watoto wakaanza kujenga mtu wa theluji, na mama yao akasita. Akatuuliza kama hilo si sanamu. Wanazuoni wa zama hizi wametofautiana. Wapo walioliingiza katika michezo ya watoto isiyodumu, wakitazama yale waliyoruhusu wa kale juu ya wanasesere wa wasichana, na wapo waliolikataza. Tulimjibu kuwa salama zaidi ni kuliacha bila sura, na bora kuliko yote ni kuwatafutia jengo jingine. Jengo likapatikana bila fatwa. Ayeyo aliwaonesha namna ya kujenga aqal, ile nyumba ya duara ya wafugaji ambayo yeye mwenyewe, kabla hajaolewa, aliijenga na kuivunja kila walipohama kati ya Modogashe na Garissa. Walipinda vijiti vya miti ya jirani, wakatanda shuka kuukuu, wakapaka theluji kwa juu na kuipigapiga kwa viganja hadi ikashikamana. Ilisimama wiki tatu. Majirani walipita wakidhani ni nyumba ya Waeskimo, na mjukuu mkubwa, mwenye miaka kumi, alikuwa akiwasahihisha.

Tuwataje na majirani. Sheria ya mji ni kuwa mwenye nyumba ya familia aondoe theluji kwenye njia ya waendao kwa miguu mbele ya nyumba yake ndani ya saa 24 tangu ilipoacha kuanguka. Baba wa nyumba hii huendesha lori la masafa, na siku nyingine huwa hayupo. Asubuhi ya tufani ya Januari Ayeyo alichungulia dirishani akamwona mzee wa Kizungu, wa asili ya Norway kama walivyo wengi wa jimbo hilo, ana beleshi mkononi, anasafisha mbele ya nyumba yao kabla ya yake. Ayeyo hakujua Kiingereza cha kumshukuru. Akakaanga sambusa. Kuanzia siku hiyo wajukuu wawili wakubwa wamepewa kazi ya kusafisha njia ya mzee huyo kila theluji ikianguka, na sahani ile haijawahi kurudi tupu. Mlango kwa mlango, watu hawa hawana lugha moja, na haki ya jirani imetimia.

Magari ni habari nyingine. Theluji ikizidi mji hutangaza hali ya dharura ya siku tatu: siku ya kwanza, kuanzia saa tatu usiku, gari lisiegeshwe kwenye barabara kuu za theluji, siku ya pili lisiwe upande wa nyumba za namba shufwa katika mitaa mingine, siku ya tatu upande wa namba witiri. Asiyefuata, gari lake huburutwa, na kulikomboa ni pesa. Wengi waliotoka Ifo hujifunza namba shufwa na witiri kwa njia hiyo, si kwa mwalimu wa hesabu.

Tunalotaka wasomaji wetu walisome kwa makini zaidi lilitokea usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 1 Aprili 2023, Ramadhani ya mwaka 1444 ikiwa katika kumi lake la kwanza. Watu walikwishaanza kufikiri kuwa baridi imekwisha. Ijumaa ikanyesha mvua, usiku mvua ikageuka theluji nzito yenye maji, pamoja na radi, na matawi ya miti yakavunjika kwa uzito juu ya nyaya za umeme. Nyumba nyingi zikaingia gizani. Katika nyumba za kule tanuri la kupasha joto huwaka kwa gesi, lakini feni inayosukuma ile hewa ya joto vyumbani ni ya umeme. Umeme ukikatika, gesi ipo na joto halipo.

Baba alikuwa nyumbani usiku huo, amelala ghorofani na mkewe. Ayeyo alikuwa katika chumba cha chini pamoja na wajukuu watatu. Kiasi cha saa saba za usiku aliona mdogo wao anatetemeka. Miongoni mwa vitu alivyovichukua kutoka Garissa ni girgire, chetezo chake cha udongo cha uunsi. Ugani palikuwa na gunia la mkaa uliobaki wa kuchomea nyama wakati wa joto. Akauwasha mkaa nje, mlangoni, kama mtu ajuaye kazi yake, akasubiri hadi moshi ukaisha na makaa yakawa mekundu, akaingiza chetezo chumbani, akafunga mlango ili joto lisipotee, akakaa kumsubiri mwadhini wa simu amwamshe daku.

Moshi ulikuwa umeisha, ndiyo. Kinachoua si moshi. Mkaa unaoungua mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa hewa iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Ikivutwa hushikamana na damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Mtu huumwa kichwa, husinzia, na usingizi huo huwa wa mwisho. Si jambo la Marekani pekee. Msimu wa baridi wa Julai, huko Limuru na Kinangop na hata vyumbani Nairobi, watu wetu hulala na jiko na wasiamke.

Sheria ya Minnesota inalazimisha kila nyumba iwe na king'ora cha hewa hiyo karibu na vyumba vya kulala. Cha nyumba hii kilikuwa cha betri, na kililia. Ayeyo alidhani ni simu. Aliyejua ni yule mjukuu wa miaka kumi, mjenzi wa aqal, aliyefundishwa shuleni na wazima moto waliokuja darasani mwaka uliotangulia. Aliamka kichwa kikimuuma, akafungua mlango wa nje wazi, akambeba mdogo wake, akamvuta dada yake, akarudi akamshika bibi yake mkono na kumwambia kwa Kisomali, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwa mkubwa, atoke sasa hivi. Baba yao alipoteremka aliwakuta wote wanne wamesimama katika theluji, miguu mitupu, mlango wazi nyuma yao.

Walimaliza usiku garini, baada ya wazima moto kuipima nyumba na kuondoka. Baba aliwasha gari, lakini kwanza aliondoa theluji yote iliyoziba bomba la moshi nyuma, kwa sababu gari linalowaka huku bomba lake limezikwa hurudisha ndani hewa ileile waliyoikimbia. Tunalieleza hili ili mwenye jamaa kule amfikishie. Daku yao ilikuwa tende na anjera baridi. Umeme ulirudi mchana.

Ayeyo hakusema neno siku nzima. Magharibi, baada ya kufuturu, alimwita yule mjukuu mbele ya wote, akamwekea mkono kichwani na kumsomea, na hakueleza sababu, na hakuna aliyeuliza. Chetezo kimewekwa juu ya kabati. Uunsi wa nyumba ile sasa huchomwa kwa kifaa cha umeme kilichonunuliwa Karmel, lile soko la Wasomali lililo ndani ya jengo.

Soko hilo lina nafasi yake katika habari hii. Binti alikuwa ameona tangu Desemba kuwa mama yake amepungua mwili, halali, hazungumzi, na anataka kurudi Garissa. Daktari alipima damu akakuta vitamini D iko chini sana, jambo la kawaida kwa watu weusi wanaojistiri, katika nchi ambayo jua la miezi minne halina nguvu, akapewa vidonge. Vidonge vilisaidia, lakini tunadhani Karmel ilisaidia zaidi. Kila Jumamosi alipelekwa huko, akakaa baina ya maduka ya vitambaa na chai ya tangawizi pamoja na wanawake wa rika lake, wa Wajir, wa Mandera, wa Kismayu. Mmoja wao, mkongwe aliyemaliza baridi ishirini, ndiye aliyemwambia: wewe unaihesabu hii kuwa ni baridi, ihesabu kuwa ni jilaal.

Wasomaji wa pwani huenda hawaijui jilaal. Ni kiangazi cha wafugaji, Desemba hadi Machi, wakati malisho yamekauka na visima viko mbali. Mfugaji haigombi jilaal wala haikimbii. Huiandalia nyirinyiri, nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaushwa na kuhifadhiwa ndani ya samli. Hupunguza safari, huwaweka wanyama dhaifu karibu, huwatembelea jamaa, na huzihesabu siku hadi mvua za Gu. Miezi ni ileile. Ayeyo aliishi jilaal zaidi ya hamsini kabla hajaiona theluji. Baridi iliyofuata, ya 2023 kuingia 2024, theluji ilikuwa haba na joto halikushuka sana, na tulipomuuliza kama alifurahi alitujibu kuwa wajukuu hawakufurahi.

Lipo moja alilotuuliza faraghani, wanawe wakiwa wametoka. Akifa kule katikati ya baridi, watamzika vipi, nayo ardhi imekuwa jiwe? Tulimweleza kuwa makaburi huchimbwa hata Januari, kwa mashine na kwa kuipasha ardhi joto, na Waislamu wa jimbo hilo wana makaburi yao. Akauliza kama anaweza kuusia arudishwe Garissa. Hapa hatukuweza kumpa alilolitaka. Kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ni kuwa maiti hahamishwi kutoka mji alikofia kabla ya kuzikwa, isipokuwa aliye karibu na Makka, Madina au Baitul Maqdis, na kuharakisha maziko ni haki yake. Alinyamaza kwa muda, akatengeneza shungi lake, kisha akauliza iwapo anayejihisi amedhoofika anaweza kurudi nyumbani mapema, akiwa hai. Tulimwambia hilo halina kizuizi. Akasema basi wanawe waelezwe hilo na sisi, kwa kuwa wao wakielezwa na yeye hulia.

Tuliwaeleza jioni ileile, kwa simu, yeye akiwa amekaa pembeni.

Tiketi yake ya kurudi Minneapolis ni ya mwisho wa Oktoba, kabla ya theluji ya kwanza. Nyirinyiri hairuhusiwi kuingizwa Marekani, kwa hiyo ataipika kulekule kwa nyama ya Karmel, na mjukuu wa miaka kumi, ambaye sasa ana kumi na mbili, ameombwa amtengee nafasi kwenye friza.